Wasomaji Wauliza: Chungu cha Kikhmer kwa Samaki wa Ziwa Victoria

Katika toleo lililopita tulichapa makala fupi kuhusu amok, yaani samaki wa tui anayepikwa kwa mvuke ndani ya majani ya mgomba nchini Kambodia, nchi ya Wakhmer. Barua zilizotufikia kutoka Mwanza, Ukerewe, Bukoba, Musoma na kwingineko kandokando ya ziwa ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo, kwa hiyo tumechagua chache zinazogusa mambo yaliyoulizwa na wengi na tumezifupisha bila kubadili maana yake.

SWALI: Nilisoma habari za amok nikatamani kuipika, lakini sijui nitumie samaki gani, na madukani sijaona hicho mnachokiita kroeung. Je, kinauzwa kwenye pakiti? (Mama wa nyumbani, Ilemela)

JIBU: Kroeung ya kweli haitoki kwenye pakiti, mama, inatwangwa nyumbani, na sehemu kubwa ya kazi ya jiko la Kikhmer iko hapo kinuni. Ni viungo vibichi vinavyotwangwa pamoja hadi vilainike kabisa, na msingi wake ni mchaichai, khulinjani, manjano mabichi, kitunguu saumu, vitunguu vidogo vyekundu na majani ya ndimu. Wakhmer hutofautisha kroeung ya kijani, ambayo mchaichai ndio unaotawala, ya njano, ambayo manjano yake yamezidishwa, na nyekundu, inayopata rangi yake kutoka kwenye pilipili nyekundu kavu zilizolowekwa na kutolewa mbegu. Kwa amok, tengeneza ya njano, na ukipenda ongeza pilipili kavu mbili au tatu, zaidi kwa ajili ya rangi kuliko ukali.

Mchaichai wengi wetu tunao uani, ila tumezoea kuchuma majani ya juu kwa ajili ya chai. Hapa kinachotakiwa ni bua jeupe la chini, nalo likatwe vipande vyembamba sana kwa kukingamisha kisu, kwa sababu nyuzi ndefu hazisagiki hata ukitwanga hadi jioni. Khulinjani kavu hupatikana kwa wauza viungo na wauza dawa za asili. Iloweke usiku kucha kabla ya kuitwanga. Usipoipata, tumia tangawizi nusu ya kipimo, lakini ujue kwamba harufu itaegemea upande wa chai yetu ya viungo. Kwa gramu 700 za mnofu wa samaki, mabua manne ya mchaichai, kipande cha khulinjani cha ukubwa wa kidole gumba, kidole kimoja cha manjano, punje tano za kitunguu saumu, vitunguu vidogo vinne na majani matatu ya ndimu yaliyotolewa uti vinatosha. Anza kutwanga kilicho kigumu, umalizie na vitunguu, ambavyo vikitangulia vitatoa maji na mchi utakuwa unateleza tu. Mashine ya kusagia inafaa kwa mwenye haraka, lakini hudai maji ili izunguke, na maji hayo huvifanya viungo vichemke pale vinapotakiwa kukaangika katika mafuta ya tui.

Kuhusu samaki, Wakhmer hupendelea samaki wa maji baridi mwenye mnofu mweupe usiovunjika upesi, hasa yule wa mtoni na mabwawani ambaye kichwa chake hufanana na cha nyoka, na pia hutumia kambale. Sisi tunaye sangara, na kwa kazi hii sangara anafaa kuliko sato, ambaye ni mtamu zaidi lakini mifupa yake midogo humkera mlaji katika chakula kinacholiwa kwa kijiko. Pika kroeung katika nusu kikombe cha tui la kwanza hadi mafuta yajitenge, acha ipoe, kisha changanya na yai moja, chumvi, kijiko kidogo cha sukari, tui jingine kikombe kimoja na vipande vya samaki. Chini ya kikombe cha jani la mgomba Wakhmer hutandika majani ya mnoni, ambayo yana uchungu kidogo. Mchicha uliochanganywa na mnafu kiasi unakaribia ladha hiyo kuliko mchicha peke yake. Pika kwa mvuke wa wastani dakika 25 hivi, mpaka mchanganyiko ushikamane na kutikisika kidogo tu ukiugusa, kisha mwagia juu yake kijiko cha tui zito. Migahawa mingi inayohudumia watalii huko Kambodia hutoa amok ambayo ni mchuzi mwepesi uliochotwa sufuriani, kwa kuwa kupika kwa mvuke kunachukua muda. Mchuzi huo una ladha nzuri, lakini mwandaaji wa safu hii hawezi kuuita amok.

SWALI: Mimi nafanya biashara ya dagaa. Nimesikia kwamba Wakhmer wana samaki aliyevundikwa anayeitwa prahok, na kwamba hakuna nyumba isiyo naye. Anatengenezwaje, na je, dagaa wetu wanaweza kufanywa hivyo? (Mfanyabiashara, Nansio, Ukerewe)

JIBU: Ili kuelewa prahok ni lazima kwanza kulielewa ziwa linaloitwa Tonle Sap, lililo katikati ya Kambodia. Wakati wa kiangazi ziwa hilo huwa na eneo la kilomita za mraba 2,500 hadi 3,000 hivi na kina kisichozidi sana mita moja. Mvua zinapoanza, mto Mekong hujaa kiasi kwamba mto unaotoka ziwani hugeuza mwelekeo na kuanza kurudisha maji ziwani, nalo hufurika misitu na mashamba hadi kuwa kubwa mara nne au tano ya lilivyokuwa. Samaki huzaliana na kunenepa katika misitu hiyo iliyofurika. Maji yanapoanza kushuka, karibu na mwezi wa Novemba, samaki hushuka nayo, na kati ya Desemba na Februari huvuliwa wengi mno kwa muda mfupi. Kwa desturi, wakulima wa mbali walifika kingo za mto na mikokoteni ya mpunga ili kubadilishana na wavuvi, wakavundika samaki wao papo hapo na kurudi nyumbani na akiba ya mwaka mzima. Ndugu yetu wa Nansio, anayejua jinsi bei ya dagaa inavyotegemea giza la mwezi, hatashangazwa na watu wanaopanga mwaka wao kwa kufuata samaki.

Samaki wanaotumika zaidi ni wadogo wenye rangi ya fedha. Hukatwa vichwa, hutolewa matumbo, hupondwa kwa miguu au kwa mashine na kusuuzwa mara kadhaa hadi mafuta yatoke, kwa kuwa mafuta yakibaki prahok huchacha vibaya. Kisha huanikwa juani kwa siku moja, huchanganywa na chumvi nyingi, na hushindiliwa katika mitungi, ambamo hukaa kuanzia majuma kadhaa hadi mwaka na zaidi. Matokeo yake ni kitu cha rangi ya kijivu chenye harufu ambayo mgeni huikimbia, lakini kijiko kimoja katika chungu cha supu hufanya kazi ambayo chumvi pekee haiwezi. Wengine huifunga katika jani la mgomba na kuichoma, na wengine huipika kwa tui, nyama iliyosagwa na kroeung, halafu wakachovya humo matango, maharage mabichi na vipande vya kabichi.

Kuhusu dagaa wetu, jibu ni kwamba inawezekana, lakini hatushauri mtu ajaribu kwa kukisia. Kipimo cha jadi hukaribia sehemu moja ya chumvi kwa sehemu tatu za samaki, na anayepunguza chumvi kwa kuhofia ukali anawapa nafasi vimelea wanaotoa sumu hatari katika vyakula vilivyofungiwa bila hewa. Isitoshe, samaki wa maji baridi asiyepikwa anaweza kuwa na minyoo. Katika bonde la Mekong minyoo ya ini ni tatizo linalojulikana la kiafya, na ndiyo maana hata prahok iliyokomaa ni heri ipitishwe motoni kabla ya kuliwa. Kwa mpishi wa nyumbani tunapendekeza njia fupi. Chukua dagaa wakavu walioanikwa kwenye vichanja, si mchangani, uwakaange bila mafuta, uwatwange na chumvi, kisha uwatumie kijiko kimoja kimoja katika supu. Kipande cha kayabo, yaani samaki mkavu wa chumvi, kilicholowekwa na kuchambuliwa nacho kinafaa, na kwa maoni yetu kinashinda dagaa katika supu nzito. Vyote viwili vitakupa chumvi na harufu ya ziwa, ila ule uchachu wa kuvundikwa hutaupata, na mpishi asiwaambie wageni kwamba wanakula prahok.

SWALI: Hapa kwetu Bukoba msimu wa senene ni sikukuu. Je, Wakhmer nao hula wadudu, au ni sisi tu tunaochekwa? (Msomaji, Bukoba)

JIBU: Wanakula. Nyenje waliokaangwa na kitunguu saumu huuzwa barabarani, na katika mji mdogo wa Skuon, kaskazini mwa Phnom Penh, wasafiri hununua buibui wakubwa waliokaangwa hadi wakauke. Senene wenu, kwa maoni ya mwandaaji wa safu hii, wana mafuta mazuri zaidi na hawahitaji kutetewa mbele ya mtu yeyote.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi, na mwenzangu anasisitiza kwamba chakula cha Kikhmer ni nakala ya cha Thailand isiyo na pilipili. Nimjibu nini? (Mwanafunzi, Nyegezi)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwambie kwamba amepatia kuhusu pilipili na kukosea kuhusu nakala. Dola ya Wakhmer ya Angkor ilitawala sehemu kubwa ya eneo hilo kuanzia karne ya 9 hadi ya 15, na katika kuta za hekalu la Bayon, lililojengwa mwishoni mwa karne ya 12 na mwanzoni mwa karne ya 13, kuna michongo inayoonyesha soko, samaki wa kila aina, watu wakichoma nyama kwenye vijiti na wengine wakipika kwenye vyungu. Wapishi hao hawakuijua pilipili kali, ambayo ilitoka Amerika na kufika Asia kwa meli za Wareno katika karne ya 16. Ukali waliokuwa nao ulitoka kwenye pilipili manga na tangawizi. Majirani wao wa Thailand waliipokea pilipili ngeni kwa mikono miwili, ilhali Wakhmer waliipa nafasi ndogo na kwa kawaida huiweka pembeni ili kila mlaji ajiongezee. Kwa muda wote huo watu, wapishi na mapishi wamekuwa wakivuka mpaka kwenda na kurudi, kwa hiyo kubishana nani alimwiga nani katika samaki wa tui hakutawafikisha popote.

Kuna sababu nyingine, nzito zaidi, inayofanya jiko la Kikhmer lisijulikane. Kuanzia Aprili 1975 hadi Januari 1979 utawala wa Khmer Rouge uliwahamisha watu wa mijini kwenda mashambani, ukapiga marufuku kupika nyumbani na kuwalazimisha watu kula pamoja kwenye majiko ya kijiji, ambako mara nyingi walipewa uji mwepesi wa mchele. Watu wapatao milioni 1.7 walikufa kwa njaa, maradhi, kazi ngumu na kuuawa, na miongoni mwao walikuwamo wazee ambao mapishi yao hayakuwahi kuandikwa. Mengi ya yanayopikwa leo yalirudishwa na walionusurika kwa kukumbuka jinsi mama na bibi zao walivyokuwa wakionja chungu. Mwenzako akilijua hilo, huenda neno nakala likamtoka mdomoni kwa shida kidogo.

SWALI: Mimi ni Mwislamu na nimeona kwamba mapishi mengi ya Kikhmer yana nyama ya nguruwe. Je, nitaondoa nini nikibadilisha? (Msomaji, Pasiansi)

JIBU: Hutaondoa kitu cha msingi, kwa kuwa wapo Wakambodia Waislamu waliokwisha kufanya kazi hiyo muda mrefu kabla yetu. Wacham, ambao wengi wao huishi kando ya Mekong na Tonle Sap na wengi ni wavuvi, wana mchuzi wao wa nyama ya ng'ombe unaojulikana kama saraman, unaopikwa kwa moto mdogo na tui, kroeung, mdalasini, iliki na karanga zilizokaangwa na kusagwa. Kwa mpishi wa Kitanzania aliyelelewa kwa mchuzi wa karanga na pilau, mchuzi huu ni rahisi kuupenda kuliko amok. Katika mapishi mengine, mahali palipoandikwa nguruwe weka kuku au kambale, na mchanganyiko wa prahok na tui upikwe kwa nyama ya ng'ombe iliyosagwa.

SWALI: Bustani yangu ina mlonge, papai, maboga, ndizi na nyanya chungu, na fedha za nyama si za kila siku. Kuna pishi lolote la Kikhmer la mtu kama mimi? (Mkulima, Magu)

JIBU: Ndugu mkulima, umetaja karibu kila kitu kinachoingia katika samlor korko, supu nzito ambayo Wakhmer wengi wataitaja kabla ya amok wakiulizwa chakula chao halisi ni kipi. Ni pishi la mtu mwenye bustani, na halina orodha isiyobadilika: papai bichi, ndizi mbichi, boga, biringanya, nyanya chungu, maharage marefu, majani ya mlonge na majani ya pilipili, chochote kilichokomaa juma hilo. Kinachoipa samlor korko sura yake ni mambo mawili. La kwanza ni kroeung ya kijani, yenye mchaichai mwingi. La pili ni mchele mkavu unaokaangwa kwenye kikaango bila mafuta, huku ukikorogwa bila kuachwa, hadi uwe wa rangi ya kahawia na utoe harufu ya karanga, kisha ukatwangwa uwe unga wa chengachenga. Unga huo ndio unaoipa supu uzito, na mpishi anayeuruka akatumia unga wa ngano atapata rojo lisilo na ladha.

Kaanga kroeung vijiko vitatu katika mafuta kidogo, weka vipande vya kambale au kuku, au usiweke nyama kabisa, kisha kijiko cha dagaa waliotwangwa kama tulivyomweleza mwenzetu wa Nansio. Ongeza unga wa mchele vijiko vitatu na maji lita moja na nusu. Mboga ngumu zitangulie, yaani ndizi, papai na boga. Nyanya chungu na maharage yafuate. Majani yaingie wakati chungu kinakaribia kuepuliwa. Ndizi mbichi imenywe ndani ya maji yenye chumvi ili isiwe nyeusi. Uchungu wa nyanya chungu hautakiwi kuondolewa wote kwa kuzichemsha na kumwaga maji, kwa sababu pishi hili hutegemea uchungu huo kukutana na utamu wa boga. Jambo la mwisho ni kukoroga mara kwa mara, kwani mchele uliokaangwa hutuama chini na kuungua, na chungu kilichoungua harufu yake haifichiki.

SWALI: Sisi hapa Sengerema ni watu wa ugali. Ni kosa kula supu hizi kwa ugali? (Msomaji, Sengerema)

JIBU: Mkhmer atashangaa, kwa kuwa kwake mlo ni wali, asubuhi, mchana na jioni, na sahani zote, supu, samaki na mboga, huwekwa mezani kwa wakati mmoja ili kila mtu achote kidogo kidogo juu ya wali wake. Lakini supu yao ya uchachu, samlor machu, inayopikwa kwa ukwaju, nyanya, samaki na mara nyingi nanasi, inakwenda vizuri mno na ugali wa udaga, labda kwa sababu udaga nao una uchachu wake. Amok iachie wali. Ugali unameza tui lote na kumwacha samaki akiwa mkavu.

SWALI: Ninachoma nyama kila mwisho wa juma na wateja wamechoka na kachumbari ileile. Nasikia Wakhmer wana kichovyo cha pilipili manga. (Mchoma nyama, Musoma)

JIBU: Ndicho kinachoambatana na lok lak, nyama laini ya ng'ombe inayokatwa vipande vidogo, kukaangwa haraka kwa moto mkali na kitunguu saumu, na kuletwa juu ya majani ya saladi na nyanya mbichi. Sifa ya kichovyo hicho inatokana na pilipili manga ya Kampot, jimbo la pwani ya kusini, ambayo mashamba yake yaliharibika sana katika miaka ya 1970 na kufufuliwa baadaye, hadi jina lake likapewa ulinzi wa kisheria nchini humo mwaka 2010 na katika Umoja wa Ulaya mwaka 2016. Pilipili manga ya Tanga au ya Zanzibar inatosha, mradi uinunue ikiwa punje nzima. Kwa watu wanne saga kijiko kimoja kikubwa, changanya na nusu kijiko kidogo cha chumvi na sukari kiasi hichohicho, gawa katika vibakuli, na ukamulie ndimu juu yake nyama inapotua mezani, kwa sababu pilipili iliyosagwa asubuhi huwa imekwisha kupoteza harufu wateja wako wanapofika jioni.